Mita Mia na Ishirini

Sehemu ya kumi na moja

"Zenko, mbona mshale unatuonyesha tuko ndani ya kinamasi?"

Hapo ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita. Jipu kuukuu la Zenko limesimama katikati ya msitu wa Polissia, injini inaunguruma, na Melania, ambaye ndiye anayeendesha, ameigeuza kompyuta mpakato iliyo magotini mwa Zenko ili ajionee mwenyewe. Nje, magurudumu yote manne yako juu ya njia kavu ya mchanga. Kwenye kioo cha kompyuta, mshale mwekundu unakatiza mistari ya buluu ya kinamasi, kushoto kabisa mwa njia.

Barua zenu nimezisoma. Msomaji mmoja ananitaka nimtose Zenko kwenye kinamasi hichohicho na habari iishie hapo. Mama, nakuomba subira. Zenko nitamtosa, ila nitachagua wakati wangu.

Kwa uliyeokota gazeti hili kwenye kiti cha treni na hujui lolote, mambo ni haya. Tymish, mume wa Melania, dereva wa treni za mizigo pale Sarny, aliondoka nyumbani Ijumaa alfajiri na jipu lake la kijeshi. Alikuwa anampelekea mama mkwe wake mkate wa Pasaka na mayai mekundu, na kumsaidia kusafisha makaburi kabla ya Jumapili, siku tunayokula pamoja na marehemu wetu. Bibi Horpyna anaishi Vilshanets, kitongoji cha nyumba tatu ng'ambo ya mto, na simu huko hakuna. Tymish alitakiwa awe amerudi jioni ileile. Hakurudi.

Watu wa uokoaji walisema boti zao zote ziko kwenye mafuriko upande wa pili wa mkoa. Ndipo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Melania akamgongea Zenko mlango. Alimgongea yeye kwa sababu ni baba wa ubatizo wa binti yao Solomiya, na kwa sababu ndiye fundi wa ramani aliyemtengenezea Tymish alama za njia, kuanzia nambari moja mpaka nane.

"Nakuuliza, Zenko."

Zenko akanyosha kidole nje. "Miti hiyo, shemeji. Inazuia setilaiti, mshale unayumba."

Melania aliinua uso akatazama juu. Ilikuwa Aprili na mibetula ilikuwa mitupu, hata jani la kuhesabu halikuwapo.

"Miti gani?"

"Na unyevu," akasema Zenko. "Unyevu nao unachangia."

Melania alimtazama kidogo, akamgeuzia kompyuta, akaingiza gia. Hakuwa mjinga. Alikuwa amekesha dirishani, na mtu aliyekesha hivyo hana nguvu ya kumshuku fundi pekee aliye naye.

Sasa niwaambie alichokijua Zenko na Melania hakukijua. Huku kwetu kila dereva wa porini anatumia ramani za zamani za jeshi la Kisovieti, zilizopigwa picha kipande kwa kipande na kuingizwa kwenye kompyuta. Ni ramani nzuri, zinakuonyesha mpaka kisima cha nyuma ya nyumba. Ila zilichorwa kwa kipimo cha zamani, na setilaiti za leo zina kipimo chao. Kwenye programu kuna kisanduku kimoja kidogo cha kuchagua kipimo. Ukikosea kukichagua, ramani nzima inasogea mita mia na ishirini na haikwambii kitu.

Wanachama wote wa klabu ya magari wanalijua hilo kwa sababu Zenko ndiye anayewafundisha, tena kwa ukali. Na Zenko ndiye aliyekosea. Alikosea siku ya kuzaliwa kwa Solomiya, ana glasi mkono mmoja, anawaonyesha wageni jinsi anavyoifanya kazi hiyo bila hata kuangalia. Wageni walipiga makofi. Alama nane zikaingia kwenye kipokezi cha setilaiti cha Tymish, zote zimehama kwenda mashariki.

Hilo ningemsamehe. Mimi mwenyewe nimewahi kuharibu kazi ya watu kwa kupenda makofi. Lakini Alhamisi, akiwa njiani kwenda kazini, Zenko aliunganisha kipokezi chake na kompyuta, na mshale ukamwonyesha anaendesha gari juu ya paa la soko. Alielewa papo hapo. Simu ilikuwa mfukoni na Tymish alikuwa bado hajaondoka.

Alijiambia atampigia mchana. Mchana akajiambia jioni. Jioni akawaza jinsi Tymish atakavyocheka na klabu nzima itakavyocheka, akajiambia kwamba Tymish ana macho yake, ataiona njia. Ijumaa alipopiga, simu haikupatikana tena. Tangu Alhamisi ile hakukigusa kile kisanduku, kama mtu mwenye barua ya mahakama ambayo hataki kuifungua.

Ndiyo maana mshale ulikuwa kinamasini.

Walikwenda kilomita mbili. Kipokezi, kidude cha manjano kinachoenea kiganjani, kilikuwa kimefungwa kwa mipira juu ya dashibodi. Kutoka mgongoni mwake ulishuka waya ambao Zenko aliuchomea mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha, ukaingia ubavuni mwa kompyuta. Kila Melania alipotupia jicho kwenye kioo, Zenko alihisi linamchoma yeye.

Paa mdogo akaruka njiani. Melania akabonyeza honi, na honi ikalia, ikalia, ikakataa kunyamaza. Ilibidi aupige usukani ngumi ndipo ikakoma.

"Na hii nayo?"

"Inakwama. Nitaitengeneza, shemeji."

"Ulisema hivyohivyo Krismasi."

Zenko aliinamia kompyuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika plagi ya waya pale inapoingia kwenye kompyuta, na hapo alifanya jambo ambalo nimeona haya kuliandika. Aliisukuma kwa kidole gumba, polepole, mpaka ikalegea. Mshale ukaganda, kisha ukatoweka. Bila mshale pasingekuwa na maswali.

"Umekufa," akasema. "Waya umekatika. Tuendelee kwa macho tu."

Haki ya Mungu, huyu alimdharau mke wa mtu. Melania ni mlinzi wa kivuko cha reli pale nje ya Sarny, mwaka wa kumi na sita sasa, na nyaya za vizuizi vyake anazitengeneza mwenyewe, fundi akija anakuta kazi imekwisha. Alisimamisha gari, akaushika waya, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye plagi. Akaichomoa, akaifuta kwa pindo la kitambaa chake cha kichwa, akairudisha na kuizungushia plasta kutoka sanduku la dawa. Mshale ukarudi, mwekundu, kinamasini.

"Ilikuwa imelegea tu," alisema, na sauti yake ikawa laini kidogo. Ndipo akaanza kumzungumzia Tymish, kama watu wanavyofanya wakiwa na hofu. Alisema kila treni ya Tymish ikifika kivukoni kwake hupiga honi moja ndefu. Moja ndefu ni napita. Miaka kumi na minne ya ndoa, haijakosekana hata siku moja, na nyumbani ana filimbi ya shaba shingoni, akienda hata chooni anaipuliza. Binti yao hucheka mpaka analia.

"Mimi nilimpigia mara moja tu," alisema. "Tatu fupi. Trekta lilikuwa limekwama relini. Tatu fupi ni simama, basi, huulizi kwa nini. Alisimama zimebaki mita kumi."

Zenko aligeukia dirishani, kwa maana machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

Saa mbili na nusu walifika kwenye njia panda. Hapo njia zilikuwa mbili, zote zinaelekea kaskazini, zinakwenda sambamba na hazionani kwa sababu ya vichaka. Ya kushoto ilikuwa tuta la zamani la udongo, gumu, ambalo wenyeji walilitumia tangu enzi za mashamba ya pamoja ya Kisovieti. Ya kulia ilikuwa njia ya wakata magogo. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imefuta alama zote za magurudumu.

Melania aliuliza waelekee wapi. Zenko alisema kushoto, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa anasema kweli. Walikwenda kushoto mita mia tatu hivi, gari likasimama tena.

Mbetula ulikuwa umeanguka na kulala juu ya tuta. Haukuanguka jana. Ulikuwa umeota kuvu, na kati ya matawi yake na ardhi utando wa buibui ulikuwa mzima, umejaa umande.

Melania alishuka, akautazama ule utando, akarudi ndani.

"Tymish hakupita hapa," alisema. "Aliona maji, akageuza. Atakuwa amezungukia daraja la barabara kuu. Turudi lami, Zenko, tukamtafute huko." Alikuwa ameshaanza kurudisha gari nyuma.

Hapo, ndugu zangu, maji yakamfika Zenko shingoni. Angenyamaza tu, wangerudi lami. Wangezunguka kutwa kwenye barabara nzuri, wangeuliza kila kituo cha mafuta, na hakuna binadamu ambaye angejua kamwe. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja aliyejua Tymish yuko wapi. Alijua kwa sababu alijua amempeleka wapi.

"Simama," alisema.

"Nini?"

"Hakugeuza. Alifika kwenye panda, akatazama mshale. Njia ya kushoto ilimwonyesha yuko nje ya mstari. Ya kulia ilimwonyesha yuko juu ya mstari kabisa. Akaenda kulia."

"Kwa nini imwonyeshe hivyo?"

"Kwa sababu alama nilizompa zina kosa. Zote. Mita mia na ishirini, upande wa mashariki. Siyo miti, shemeji. Ni mimi."

Injini ilikuwa inaunguruma. Melania aliizima.

"Umejua lini?"

Zenko alikuwa na majibu mengine tayari. Angeweza kusema leo. Angeweza kusema sasa hivi.

"Alhamisi."

"Aliondoka Ijumaa."

"Najua."

Melania alishuka tena. Alitembea mpaka kwenye ule mbetula, akasimama amelipa gari mgongo, mikono kiunoni. Zenko alimwona mabega yakipanda na kushuka. Alitamani arudi ampige. Alipanga hata shavu la kumpa.

Aliporudi hakumpiga. Alisema, bila kupandisha sauti, "Mimi nikichelewesha kizuizi sekunde ishirini, naandika kwenye kitabu na nasema kwa redio saa ileile. Wananitukana. Mkuu wangu amewahi kuniita ng'ombe mbele ya watu. Lakini treni inajua. Wewe uliogopa kuchekwa."

"Ndiyo."

"Na Tymish angekucheka, kweli. Angekucheka, angekumiminia glasi, angesahau." Aliwasha gari. "Nionyeshe alikokwenda."

Zenko akafungua programu, akafika kwenye kile kisanduku. Kwa kubonyeza mara moja tu angeirekebisha ramani. Akaondoa mkono, akaacha kosa kama lilivyo. Ikiwa walitaka kumpata Tymish, iliwabidi wapotee kama alivyopotea yeye.

Walirudi kwenye panda, wakashika ya kulia. Na hapo mshale ulitoka kinamasini wenyewe, ukasogea, ukapanda juu ya mstari wa njia na kutulia. Haukuyumba hata unywele. Ukiutazama ungesema hakuna fundi kama Zenko katika Ukraine nzima. Chini yao matairi yalianza kuchapa maji.

Alimweleza Melania mengine yaliyobaki, maana sasa hakuwa na sababu ya kuficha. Alama ya tano ni panda. Ya sita ni kilima kidogo. Ya saba ni daraja la magogo la waenda kwa miguu, mtoni, na ya nane ni mlango wa Bibi Horpyna. Melania alishika usukani kwa mikono miwili, anatafuta ardhi ngumu mbele yake, na ukungu ulikuwa umeanza kutanda.

Mita mia sita kutoka kwenye panda waliliona jipu la Tymish.

Lilikuwa limeinama upande mmoja, matope yamefika kwenye vitasa vya milango. Kamba ya chuma ya kujivutia ilikuwa imenyoshwa mpaka kwenye mti, na mti wenyewe ulikuwa umeng'oka mizizi. Mtu alikuwa amehangaika hapo siku nzima. Melania alikimbia akizama mpaka magotini, akiita jina la mumewe, akafungua mlango wa upande ulioinuka.

Hakukuwa na mtu.

Kwenye kiti palikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa cha tarizi, mkate wa Pasaka na mayai mekundu, hata moja halijapasuka. Kulikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri na chupa ya chai. Zenko aliifungua chupa, mvuke mwembamba ukatoka. Na juu ya dashibodi kompyuta ya Tymish ilikuwa imefungwa, waya unaning'inia kutoka ubavuni mwake, mwisho wake mtupu. Kipokezi alikuwa amekichomoa na kwenda nacho.

Chini ya kifuniko cha kompyuta palikuwa na karatasi. Melania ndiye aliyeisoma, na aliisoma kwa sauti, sijui kama ni kwa kujisahau au alitaka Zenko asikie kila neno.

"Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mela, au yeyote atakayefika. Mimi mzima. Gari lilikwama jana asubuhi, sijaweza kulitoa. Lami ni mbali, mama ni karibu zaidi, naenda kwa miguu. Msihangaike, nina alama za Zenko. Mwambieni nimekumbuka alichoniambia kuhusu ya saba."

Melania alishusha karatasi. Ilikuwa saa tatu kasoro robo.

"Ulimwambia nini kuhusu ya saba?"

Zenko aliutazama ukungu upande wa mto.

"Kwamba wakati wa mafuriko daraja linafunikwa na maji, shubiri moja au mbili. Kwamba haliwezi kuonekana." Alikuwa anakumbuka meza, glasi, mkono wake mwenyewe begani kwa Tymish. "Nilimwambia, usilitafute kwa macho. Fuata mshale mpaka mwisho, kisha kanyaga tu, utalikuta."

"Na pale mshale unapomfikisha kuna nini?"

"Mto."

"Kina gani?"

"Mwezi huu, mita nne. Tano."

Hakumaliza kusema, Melania alikuwa ameshageuka. Hakukimbilia mtoni. Kutoka hapo mpaka alama ya saba zilikuwa mita mia tisa za matope na ukungu, nusu saa kwa mtu mwenye nguvu, na Tymish, hata kwa uchovu wa jana, alikuwa ametangulia kwa dakika arobaini na tano; pengine alikuwa tayari ukingoni. Mlinzi wa kivuko anajua hesabu hiyo bila kompyuta. Alikimbia kurudi kwenye jipu la Zenko, akapanda, akaweka kiganja juu ya honi.

Tatu fupi. Tymish angezisikia hata usingizini. Angesimama bila kuuliza.

Zenko alimwona akiinua mkono, na papo hapo akakumbuka. Alipiga kelele, "Melania, acha, honi ina—"

Melania alibonyeza mara ya kwanza, na honi ikakwama.

Ililia ikasambaa juu ya kinamasi chote, sauti moja isiyokatika. Melania aliupiga usukani ngumi, akaupiga tena, machozi yanamtoka. Zenko alikuwa ameshafika kwenye boneti, anang'oa nyaya kwa mikono miwili bila kuchagua, mpaka moja ikakatika na sauti ikakoma.

Walisikiliza.

Kisha kutoka ng'ambo ya ukungu, upande wa mto, wakaisikia filimbi ya shaba ya Tymish ikimjibu mke wake. Ilikuwa moja, ndefu: napita.